Bagamoyo na Bei ya Mtu

Atembeaye katika mitaa ya zamani ya Bagamoyo huona magofu ya nyumba za mawe, milango ya nakshi na majahazi pwani. Ni shida kusadiki ya kuwa mji huu mtulivu ulikuwa mlango mkuu wa biashara kati ya bara na bahari.

Katika karne ya 19 njia ndefu ilitoka Ujiji, penye Ziwa Tanganyika, ikapita Tabora, ikaishia hapa, mwendo wa kilomita zaidi ya 1,000. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishuka na pembe za ndovu, wakarudi na merikani, ushanga na masango. Lakini wengine hawakushuka kwa hiari yao. Walikuja wamefungwa minyororo, wavushwe hadi Unguja wakauzwe sokoni. Ndiyo maana jina la mji hufasiriwa kwa namna mbili. Wengine husema kwamba mpagazi aliubwaga moyo kwa furaha, maana mzigo umetua. Wengine husema kwamba mtumwa aliubwaga moyo kwa uchungu, maana ng'ambo ya bahari hakuna kurudi.

Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misioni katika mji huo. Waliwakomboa watumwa kwa fedha, hasa watoto, wakawapa makao, shule na ufundi. Mwaka 1872 tufani iliangusha majengo yao, nao wakaanza upya. Kwa hayo twamshukuru Mungu. Lakini haifai kuisimulia habari hii nusu nusu. Waliokombolewa waliwekwa chini ya amri kali, wakalima mashamba ya misioni, na mara nyingi mambo ya maisha yao yaliamuliwa na wengine. Kumfungua mtu mnyororo ni jambo moja; kumwona kuwa ndugu aliye sawa nawe ni jambo la pili, nalo hudai uongofu mrefu zaidi.

Mwezi wa Februari 1874 ulifika Bagamoyo mzigo usio na bei katika soko lolote. Chuma na Susi pamoja na wenzao waliuleta mwili wa David Livingstone, aliyefariki mwaka 1873 mbali sana barani. Yeye hakuwa Mkatoliki, lakini misioni ilimpokea, akalazwa humo kabla ya kuvushwa Unguja. Njia ile ile iliyopitisha watu kama bidhaa ilipitisha pia uaminifu.

Fahari ya mji haikudumu. Mwaka 1891 Wadachi walihamishia makao ya serikali Dar es Salaam, penye bandari ya kina. Mwaka 1905 reli ilianza kujengwa kutoka huko, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Misafara ikakoma. Fedha haina kwao: iliifuata reli, ikayaacha magofu.

Je, twajifunza nini? Biashara si dhambi. Dhambi ni kumwandika mtu katika daftari ya bidhaa. Utumwa ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, lakini sheria huzuia mikono tu, haiugeuzi moyo. Mtazameni msichana aliyetolewa kijijini kwa ahadi ya shule. Huamka kabla ya wote, hulala baada ya wote, na mshahara wake "umewekwa" mwezi baada ya mwezi. Hakuna aliyemnunua sokoni, lakini mwenye nyumba amekwisha kumpigia bei moyoni mwake. Na Jumapili mwenye nyumba huyo huja mbele yetu kupokea Komunyo, nasi mapadre twanyamaza.

Bwana wetu Yesu Kristu mwenyewe alipigiwa bei: vipande 30 vya fedha. Tangu siku ile, kila athaminiwapo mtu kama mali, ni Yeye anayeuzwa tena.

Basi, ndugu, kabla ya kwenda kanisani Jumapili hii, mwite huyo aliye jikoni kwako. Mhesabie mshahara wake wote, umtie mkononi. Usimpe kama sadaka, maana ni haki yake. Mwulize pia habari ya ile shule. Hapo ndipo naye atakapoubwaga moyo kwa furaha ya mpagazi aliyefika, wala si kwa uchungu wa mtumwa.