Wengi Walijua, Wachache Walisema

Tarehe 19 Februari 2012, watu 16 walikusanyika kileleni mwa Cowboy Mountain, mlima ulio kando ya kituo cha michezo ya theluji cha Stevens Pass, jimbo la Washington, Marekani. Walitaka kuteleza kwa ski hadi chini ya bonde la Tunnel Creek. Bonde hilo liko nje ya mipaka ya kituo, ambako hakuna mlinzi wa kuikagua theluji wala kuilipua mapema ili iporomoke kabla watu hawajafika. Siku hiyo haikuisha kabla watatu kati yao hawajafa.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu watu wale hawakuwa wageni wa theluji. Mmoja wa waliofariki alikuwa jaji mkuu wa mashindano ya kimataifa ya ski, na mwingine alikuwa ofisa wa kituo chenyewe. Katika kundi walikuwamo pia wanamichezo wa kulipwa na waandishi wa habari za ski. Walikuwa na vifaa vya kutuma mawimbi ya redio ili mtu aliyefukiwa apatikane, pamoja na koleo za kufukulia.

Na dalili zilikuwa wazi. Katika siku chache zilizotangulia ilikuwa imeanguka theluji mpya ya zaidi ya sentimita 80. Chini yake kulikuwa na umande ulioganda siku za anga tulivu, na theluji mpya haishikamani vizuri na tabaka kama hilo. Ile ya juu inabaki kama bamba zito lisilo na nanga, na uzito wa mtu mmoja unatosha kulikata. Wataalamu wa eneo hilo walikuwa wametoa taarifa ya asubuhi wakionya kwamba hatari ya maporomoko ya theluji ni kubwa kwenye miteremko ya juu. Wengi katika kundi walikuwa na habari ya onyo hilo.

Kwa nini basi walishuka? Mwandishi John Branch wa gazeti la New York Times alizungumza na walionusurika, na habari aliyoiandika ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2013. Jibu lao linaumiza. Baadhi waliona kundi ni kubwa mno, wakanyamaza. Kila mmoja aliwatazama wenzake, akajiambia kwamba watu wenye uzoefu wote huu hawawezi kukosea kwa pamoja. Wachache walijitenga wakapita njia ya pembeni, lakini hawakuwazuia waliobaki. Tafadhali tulia hapa kidogo, msomaji. Mtu akiwa peke yake na wasiwasi ule, pengine angerudi. Wakiwa 16, kila mmoja aliuacha uamuzi mikononi mwa mwingine.

Mtafiti Ian McCammon alichunguza ajali 715 za maporomoko ya theluji zilizotokea Marekani kati ya 1972 na 2003. Alieleza jinsi watu wenye mafunzo wanavyonaswa: mahali wanapajua, wanamwamini anayeonekana fundi, wanaogopa kuonekana waoga, na wameshafunga safari. Nikiyasoma hayo, najiona mimi mwenyewe. Sidhani kama ningekuwa na ujasiri wa kuwarudisha watu wanaonizidi ujuzi, huku wote wakicheka na kukaza viatu.

Siku ile ya Tunnel Creek, wa kwanza walishuka, wakasimama kati ya miti wakingoja. Jaji yule aliposhuka, bamba likakatika. Mmoja wa waliokuwa wakingoja alikumbatia mti, akasalimika. Wanne walisombwa hadi chini ya bonde. Elyse Saugstad, mwanamichezo wa kulipwa, aliwahi kuvuta mpini wa begi lake, na mfuko wa hewa ukafunguka. Wenzake walimkuta amefukiwa, uso na mikono yake ikiwa nje. Yeye peke yake ndiye aliyepona kati ya wanne waliosombwa. Aliyefukiwa huwa na dakika 15 hivi, baada ya hapo matumaini hupungua upesi sana.

Ndugu zetu wengi sasa wanaishi Ulaya na Amerika Kaskazini, na huko rafiki wa kazini anaweza kukualika mlimani. Soma taarifa ya hatari ya asubuhi hiyo kabla ya kutoka nyumbani. Ikisema hatari ni kubwa, iepuke miteremko mikali, hasa ya nyuzi 30 hadi 45, maana humo ndimo maporomoko mengi huanzia. Kundi liwe dogo. Shukeni mmoja mmoja, na anayengoja asimame mahali ambapo theluji haiwezi kumfikia. Mkubaliane mkiwa bado chini kwamba mmoja akisema hapana, wote mnarudi, na hakuna atakayemcheka. Na ukiwa wewe ndiye mwenye wasiwasi, nakusihi, useme kwa sauti wote wakusikie, kabla wa kwanza hajashuka.