Kabla Majina Hayajatoka

Anayesubiri jibu la jeshi hulala na begi lake mlangoni. Kijana wa Kolwezi aliyeomba nafasi katika chuo cha maofisa cha Kananga ameshakimbia, ameshapimwa, ameshafanya mtihani. Sasa hana la kufanya, na hapo ndipo penye uzito, kwa sababu mwili uliozoea kujitahidi haujui kukaa. Simu ikilia moyo unaruka, kumbe ni shangazi anauliza kama majina yametoka. Malori ya shaba yanapita kuelekea Likasi na Lubumbashi, wenzake wanashuka mgodini alfajiri na jioni wanarudi na pesa ya unga, naye anaogopa kuanza lolote asije akaitwa katikati. Reli ya kwenda Kananga, kupitia Tenke na Kamina, akilini ameshaisafiri mara mia. Mimi siuiti wasiwasi huo udhaifu: ameshajitoa moyoni, hata kabla ya kuvaa kombati, kwa nchi ambayo mashariki yake inawaka vita. Mama yake analijua hilo, na usiku huomba kimyakimya, bila kumwambia mtu anaomba jibu gani.