Amri ya Nane na Masikio Yetu

Amri ya Nane huvunjwa kwa masikio pia. Usiku wa uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2020, televisheni ya Fox News ilitangaza kwamba Biden ameshinda Arizona. Ilikuwa kweli, lakini watazamaji wengi waliompenda Trump walichukizwa, wengine wakahama. Kisha Fox ikatoa maneno ya uongo juu ya Dominion, kampuni ya mashine za kura. Barua za watangazaji, zilizofunuliwa katika daawa, zilionyesha kwamba baadhi yao hawakuyasadiki, tena palikuwa na hofu ya kupoteza watazamaji. Mwaka 2023 Fox ilikubali kulipa dola milioni 787. Naam, walikosa. Lakini ni nani aliyewafundisha ya kuwa kweli haina wanunuzi? Nasi, aibu ya mtu tusiyempigia kura ikitangazwa, twadai mashahidi?