Kovu, Uchungu na Imani

Katika sharika zetu kuna desturi nzuri ya shukrani. Mama akijifungua salama, huja ibadani na mtoto wake, familia ikimsindikiza, na sadaka ya shukrani hutolewa mbele ya madhabahu. Mara nyingi sisi wachungaji, au mzee wa kanisa anayesoma matangazo, tumekuwa tukiongeza maneno machache: kwamba mama huyu amejifungua kwa njia ya kawaida, bila kisu, Bwana asifiwe. Washarika hupiga makofi na vigelegele. Tulisema hivyo kwa miaka mingi wala hatukuona ubaya wowote.

Jumapili moja, baada ya ibada, mama mmoja alitufuata ofisini. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Alikuwa na swali moja tu: "Baba mchungaji, mimi niliyepasuliwa, Mungu hakunitendea?" Tulimjibu haraka, kama tunavyojibu watu wakati kikao kingine kinatusubiri. Tulimwambia kwamba Mungu ni mwema kwa wote, tukamwombea, akaenda.

Alipopata mimba ya pili, alitamani sana kuzaa kama wenzake. Kliniki walimwonya asikae mbali na hospitali siku zake zikikaribia, na uchungu ukianza aende mara moja. Lakini nyumbani aliyasikia maneno mengine. Aliambiwa kwamba akiwahi hospitali atapasuliwa tu. Avumilie kwanza, anywe dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu, na aombe. Alivumilia usiku kucha. Alfajiri uchungu ulikatika ghafla, yakabaki maumivu yasiyotulia, na damu ikaanza kutoka. Alipofikishwa hospitali, mfuko wa uzazi ulikuwa umechanika pale penye kovu. Madaktari waliokoa maisha yake. Mtoto tulimzika kesho yake. Mama huyo ameturuhusu kukieleza kisa chake ili wengine wapone; jina lake na mahali pake tunavihifadhi.

Tangu siku ile hatujaacha kulitafakari swali lake. Je, kukubali upasuaji ni upungufu wa imani? Na je, kuikabili hatari kwa maombi ndiyo imani? Tukijibu vibaya, gharama hulipwa na mtu mwingine, chumbani, usiku, sisi tukiwa tumelala.

Tuanze na mambo yanayojulikana, kwa maana imani haiogopi ukweli. Mwanamke aliyepasuliwa hubaki na kovu katika mfuko wa uzazi. Uchungu wa mimba inayofuata hulivuta kovu hilo, na mara chache huachia. Kama alipasuliwa mara moja tu, na mfuko ulikatwa kwa mlalo sehemu ya chini, basi kati ya wanawake 1,000 wa namna yake wanaojaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, takribani 5 hadi 7 hupata mchaniko. Kati ya kila 100 wanaojaribu, takribani 60 hadi 80 hufanikiwa. Aliyewahi kuzaa kwa njia ya kawaida ana nafasi nzuri zaidi. Bali aliyekatwa kwa wima sehemu ya juu ya mfuko, hatari yake ni kubwa mara nyingi, naye hushauriwa asijaribu. Kushika mimba mapema mno baada ya upasuaji huongeza hatari, na dawa za kusukuma uchungu, za kienyeji au za dukani, huiongeza pia.

Kwa hiyo kujaribu si wazimu. Mwaka 1916 daktari mmoja wa New York, Edwin Cragin, alitoa kauli iliyopata umaarufu kwamba aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa siku zote. Wakati ule mfuko ulikatwa kwa wima. Baadaye madaktari walijifunza kukata kwa mlalo chini, kovu likawa imara zaidi, na mlango ukafunguka kwa wengi. Tena upasuaji wenyewe si jambo dogo: kila unaporudiwa, huongeza hatari ya kondo la nyuma kujishikiza kwenye kovu katika mimba zinazofuata, na kuleta damu nyingi. Kila njia ina hatari yake. Tofauti ni kwamba anayejaribu anatakiwa awe mahali penye mkunga anayesikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, penye damu ya akiba, na chumba cha upasuaji kilicho tayari. Kovu likiachia, kinachohesabiwa ni dakika.

Sasa tuje kwenye hoja za imani. Wako wanaosema kwamba uchungu wa kuzaa umeagizwa na Mungu katika Mwanzo sura ya 3, na kwamba anayepasuliwa amekwepa agizo. Tusome sura hiyo yote. Humo humo ardhi inatajwa kuota miiba, na mwanamume anaambiwa atakula kwa jasho. Hatujamsikia mzee wa kanisa akimkemea mkulima kwa kung'oa magugu au kukodi trekta. Maneno yale yanaeleza jeraha la dunia iliyoanguka. Hayatuagizi kulitunza jeraha lisipone. Na Biblia haifichi kwamba uchungu unaweza kuua. Raheli, mke mpendwa wa Yakobo, alifia njiani akimzaa Benyamini. Maandiko hayasemi popote kwamba imani yake ilikuwa ndogo.

Wengine husema: mwenye imani haogopi. Hapa tukumbuke jaribu la Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, katika Mathayo sura ya 4. Ibilisi hakumwambia amkane Mungu. Alimwambia amtegemee: ajitupe chini, malaika watamdaka. Yesu alikataa, akaliita jambo hilo kumjaribu Mungu. Kuna tendo linalofanana sana na imani, nalo si imani.

Martin Luther alilielewa hili. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg, mke wake Katharina akiwa mjamzito. Luther alibaki mjini kuwahudumia wagonjwa, hakukimbia. Lakini katika waraka aliomwandikia mchungaji Johann Hess wa Breslau juu ya tauni, aliwakemea pia wale waliodharau dawa na tahadhari wakijiona mashujaa wa imani. Alifundisha kwamba dawa ni za Mungu na akili ni ya Mungu, na anayezikataa anamjaribu Mungu; na akiwaletea wengine madhara kwa uzembe wake, atadaiwa. Mtu huyo huyo aliyebaki mahali pa hatari kwa ajili ya jirani zake ndiye aliyekataza kuichezea hatari. Kubaki kwake kulikuwa upendo. Kuichezea kungekuwa kiburi.

Hapo ndipo tunapoona jibu. Imani haipimwi kwa ukubwa wa hatari tuliyoikubali, hasa ikiwa hatari yenyewe imo katika mwili wa mtu mwingine. Ni rahisi kuwa na imani kubwa juu ya tumbo la mwingine. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 22, inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukuta kandokando ya dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Sheria haikatazi kupanda darini. Inataka ukuta uwepo. Vivyo hivyo, mama mwenye kovu anayetaka kuzaa kwa njia ya kawaida, akashauriwa kwamba inafaa, akaenda mapema mahali penye ukuta, hajamjaribu Mungu. Na mama anayechagua upasuaji baada ya kushauriwa hajapungukiwa na imani. Wote wawili wametumia akili waliyopewa, wakajiweka mikononi mwa Baba. Lakini anayemshauri mwenzake akae nyumbani anywe dawa, huyo amempandisha darini na kuubomoa ukuta.

Wajibu huu si wa mama peke yake. Mume anadaiwa ukuta wake: nauli iliyowekwa akiba, usafiri uliopangwa kabla, na kuhudhuria kliniki pamoja naye ili asikie mwenyewe alichoambiwa mkewe. Mama mkwe anadaiwa ulimi wake. Mkunga na daktari wanadaiwa kueleza kwa lugha inayoeleweka, aina ya kovu ikiwa imeandikwa kwenye kadi, bila kutisha na bila kukaripia. Maana wanawake wengi huchelewa kwenda kwa sababu wanaogopa kutosikilizwa. Nasi kanisa tunadaiwa matangazo yetu.

Linabaki swali gumu zaidi. Itakuwaje mama akifanya yote vizuri, na bado awe mmoja wa wale wachache? Kwa daktari ni 5 kati ya 1,000. Kwa aliyempoteza mtoto hakuna 1,000; kuna mtoto wake mmoja, na nguo alizokuwa amemnunulia. Hapa tunajaribiwa kutafuta kosa ili tupate maelezo. Tunauliza aliomba kweli, au ana jambo gani alilolificha. Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku saba kimya, na hilo lilikuwa jema. Walipofungua vinywa kumtafutia kosa, Mungu aliwakasirikia.

Mwaka 1542 Luther aliandika maneno mafupi ya kuwafariji wanawake ambao uzazi wao ulikwenda vibaya. Aliwataka watu wasiwatishe wala kuwahuzunisha akina mama hao kwa maneno makali, kwa kuwa hawakutaka yaliyotokea, na halikuwa kosa la uzembe wao. Alifundisha kwamba hamu ya mama kumleta mtoto wake kwa Kristo, hata ile isiyoweza kutamkwa, Mungu huihesabu kuwa sala. Mwaka ule ule, Luther na Katharina walimzika binti yao Magdalena. Alijua anaongea na nani.

Lakini yule mama wa kwetu alikunywa dawa, alichelewa. Je, faraja hiyo ni yake pia? Tunaamini ni yake. Alichelewa kwa sababu alitaka kuja mbele ya madhabahu na kutajwa kama wenzake. Sehemu ya kosa lile ilisemwa na vinywa vyetu kwenye kipaza sauti, na watu wakapiga makofi. Tulikwenda nyumbani kwake, tukamwambia hivyo, tukamwomba msamaha. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Basi msiseme tena."

Hatusemi tena. Siku hizi, katika shukrani, tunamtaja mama na mtoto, tunawashukuru wakunga na madaktari, na njia hatuitaji. Katika sala ya kanisa zima tunawaombea pia waliorudi nyumbani mikono mitupu, maana nao wamekaa pamoja nasi kwenye mabenchi, na wengi wamenyamaza kwa miaka. Tunamwamini Bwana aliyefufuka akiwa na makovu yake, akamwonyesha Tomaso bila kuona aibu. Mbele za Bwana wa namna hiyo, kovu la mama si alama ya imani iliyopungua. Na yeyote katika usharika atakayelitaja kwa dharau, tumjibu papo hapo, tusingoje hadi Jumapili.