Ulimi wa Muuzaji na Ujira Wake

Ndugu mmoja akaaye Marekani ametuuliza swali. Amepata kazi katika duka liuzalo televisheni, kompyuta na vyombo vingine vya umeme, lakini hatapewa mshahara wa mwezi, bali fungu katika kila kitu atakachouza. Je, chumo hilo ni halali?

Jibu la haraka ni kwamba ujira wa namna hiyo si mgeni wala si haramu. Dalali wa mnadani amekula kwa njia hiyo tangu zamani, wala hapana amlaumuye, kwani kila mtu ajua kuwa dalali ana chake katika bei. Lakini tusiridhike upesi, ndugu msomaji. Dalali hujulikana kuwa ni dalali. Muuzaji wa televisheni mara nyingi hajulikani hivyo. Mama mzee aingia dukani, aona televisheni nyingi zimewashwa ukutani, zote zang'aa, naye hajui tofauti yake. Amwendea kijana aliyevaa shati la duka, amwuliza: "Mwanangu, ingekuwa wewe, ungenunua ipi?"

Kwa swali hilo mama amemtoa kijana katika uuzaji, akamtia katika ushauri. Sasa hanunui chombo tu, bali ameazima macho ya mtu ajuaye. Na kijana ajua kwamba ile ndogo yamtosha mama huyu, ila fungu lake ni dogo; ile kubwa ina fungu nono. Tena ipo karatasi ya dhamana ya ziada, ambayo mnunuzi hulipia juu ya bei ili chombo kitengenezwe baada ya dhamana ya kiwandani kwisha. Hiyo nayo huliletea duka faida nzuri, na muuzaji huhimizwa sana asimwachilie mtu bila kuinunua.

Wapo wasemao: mnunuzi ana akili yake, na muuzaji hakusema uongo. Naam, yawezekana asiseme uongo hata mmoja. "Hii kubwa ina picha safi zaidi" ni kweli tupu. Lakini hebu tukumbuke kile kisa cha Mtume Muhammad s.a.w. alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, akakuta chini imelowa. Mwenye mali alisema ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuwa nafaka iliyolowa hakuiweka juu, watu waione. Mtu yule hakutamka neno la uongo. Lundo lenyewe ndilo lililosema uongo kwa niaba yake. Ndivyo awezavyo kuwa kijana wetu: maneno yake yote makavu, na unyevu umo chini.

Je, basi alazimika kumtangazia kila mnunuzi kiasi cha fungu lake? Sioni hivyo. Pato la mtu ni siri yake, na siri hiyo haina ubaya maadamu haigusi jibu analolitoa. Ikianza kulipinda jibu, hapo imekuwa unyevu wa nafaka. Na akiulizwa waziwazi kama ana fungu, asikane.

Walakini si haki kumtwika kijana mzigo wote. Mwaka 1991 wanauchumi Bengt Holmström na Paul Milgrom walionyesha kwamba mfanyakazi mwenye kazi mbili, moja yapimika na kulipiwa na nyingine haipimiki, huelekea kuitupa ile isiyolipiwa. Mauzo yahesabika kila jioni. Nani ahesabuye ushauri mwema? Mwenye duka aliyepanga ujira hata kweli ikawa njaa kwa msemaji wake, naye ana sehemu katika uongo utokeao.

Je, dawa ni kuondoa fungu? Marekani walijaribu. Best Buy waliliacha mwaka 1989. Washindani wao, Circuit City, waliliacha Februari 2003, wakawaondoa wauzaji wapatao 3,900 waliolipwa kwa njia hiyo. Mwaka 2007 wakawafukuza wengine 3,400, kwa kuwa mishahara yao ilizidi kiwango walichokitaka. Duka hilo liliomba ulinzi wa kufilisika Novemba 2008, na mwaka 2009 likafunga milango. Sababu zilikuwa nyingi, wala sisemi ni hiyo peke yake. Lakini mfikirie yule mama baada ya 2007: pengine alimkuta kijana mwingine, asiye na sababu ya kumdanganya wala elimu ya kumsaidia. Huo nao si uaminifu.

Kwa hiyo namwambia ndugu yetu: kazi hii waweza kuichukua. Lakini kabla hujatia saini mkataba, mwulize msimamizi: nikimwambia mteja kwamba ile ndogo yamtosha, nitaadhibiwa? Najua una watoto, na kwamba tarehe ya kodi ya nyumba haingoji. Mtihani wako hautakuja siku ya biashara njema, bali siku ya mwisho wa mwezi, fungu halijatimia na mteja mmoja tu amesimama mbele yako. Wakikujibu kuwa neno hilo halisemwi katika duka lao, tafuta duka jingine, ijapokuwa ujira wake ni mdogo.