Kidole Kabla ya Kalamu

Wazazi wengi humpeleka shuleni mtoto wa miaka minne, na kabla mwezi haujaisha hudai kuona daftari lililojaa maandishi. Lisipojaa, mwalimu huitwa mvivu. Yafaa tujiulize: je, ni haki kumdai mtoto mavuno ya shamba ambalo bado halijalimwa?

Tarehe 6 Januari 1907, daktari Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto katika San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Aliwapa watoto herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa, ile ile ya maseremala, zikagandishwa juu ya kadi laini. Mtoto hupitisha vidole juu ya herufi akiifuata njia ya mwandiko, huku akitamka sauti yake. Si jina la herufi, bali sauti. Kidole kikiteleza penye ulaini, chenyewe chajua kuwa kimepotea. Hapana haja ya kukemewa. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, mtoto wa miaka mitano, akiwa amechora dohani kwa chaki sakafuni, alipaza sauti ghafula kwamba aweza kuandika. Akaandika kwa Kitaliano "mkono", kisha "dohani", kisha "paa". Hakuna aliyekuwa amemwandikisha maneno hayo.

Twadhani jambo hili latuhusu kuliko wengi, maana Kiswahili, kama Kitaliano, huandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa. Mtoto ajuaye sauti za m na a aweza kujiundia "mama" bila kumngoja mtu. Na kadi hizo baba aweza kuzitengeneza nyumbani kwa msasa, gundi na mkasi.

Watasema wengine: sisi tulifundishwa kwa fimbo, na kusoma twajua. Ni kweli. Lakini wasemao hivyo ni wale waliofaulu; hatuwaulizi wenzetu wa madawati ya nyuma, ambao fimbo iliwafundisha kukichukia kitabu, basi. Hata hivyo twakiri kwamba njia hii nayo yaharibika upesi. Mwalimu akikikamata kidole cha mtoto na kukiburuta kwa haraka, msasa wageuka fimbo nyingine. Ugumu wote u hapo: mtu mzima aonyeshe mara moja, kisha anyamaze, huku mtoto akikosea mbele ya macho yake. Sisi wenyewe, tukiketi karibu na mtoto apangaye herufi kombo, mkono watuwasha kuzinyosha.