Sema Umeyatoa Wapi

Umekasirika, mwanangu, na sikulaumu. Umekesha ukiandika makala ya Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, kwenye Wikipedia ya Kiswahili, umeiandika kwa mapenzi, na kulipokucha ukakuta mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia, ameondoa karibu nusu yake, akaacha neno moja tu: chanzo? Ukanijia na manung'uniko yako. "Mzee, mimi nimezaliwa Ng'ambo. Bibi yangu alikuwa akienda shughuli na Bi Kidude, na ile ngoma yake ya msondo tumeisikia tangu tuko wadogo. Leo mtu asiyejua Raha Leo iko upande gani wa mji ananiuliza mimi chanzo?"

Maneno haya nimeyasikia kwa vijana wengi kabla yako. Wengine walijibu kwa matusi kwenye ukurasa wa majadiliano. Wengine walinyamaza tu, wakafunga kompyuta, na huo ukawa mwisho wao. Nimechoka kuwaona wakiondoka, maana wengi wao walijua mambo mengi kuliko sisi tuliobaki. Ndiyo maana nakuomba ukae kitako unisikilize. Nitasema polepole.

Swali lile hukuulizwa kwa dharau. Kamusi elezo za zamani, zile za majalada mazito, zilimwita profesa akaandika, na jina lake likawekwa chini ya makala. Msomaji aliamini kwa sababu ya jina hilo na la mchapishaji. Wikipedia ilipoanza Januari 2001 ilimfungulia mlango kila mtu, na ndio mlango ulioingilia wewe. Lakini humo ndani hakuna anayekufahamu. Msomaji wa Kigoma, wa Lubumbashi au wa Muscat analiona jina la mtumiaji ulilojichagulia, basi. Hawezi kumpigia simu bibi yako. Anachoweza ni kukifungua kitabu ulichokitaja, kwenye ukurasa ulioutaja, akajionea mwenyewe. Ukimnyima njia hiyo umemtaka akuamini hivi hivi, na haki ya kudai hivyo hatuna, si wewe wala mimi.

Wala walio wakubwa kuliko sisi hawana haki hiyo. Mwaka 2012 mwandishi mashuhuri wa Marekani, Philip Roth, alikuta Wikipedia ya Kiingereza inasema riwaya yake The Human Stain imetokana na maisha ya mtu fulani. Akakana. Kitabu ni chake, kakitunga mwenyewe, nani ajue kuliko yeye? Hata hivyo aliambiwa kwamba neno lake pekee halitoshi, panahitajika vyanzo vingine. Roth akaandika barua ya wazi, ikatoka katika jarida la The New Yorker, akaeleza kisa cha kweli kilichomsukuma kuandika. Kuanzia hapo maelezo yake yakawa yamechapishwa mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuyasoma, na makala ikayataja. Watu wengi waliicheka Wikipedia kwa jambo lile. Mimi naona ilifanya sawasawa. Ingemkubalia Roth kwa sababu ni Roth, kesho ingemkubalia waziri kwa sababu ni waziri.

Sasa turudi kwenye makala yako, tuichukue sentensi moja. Uliandika: "Bi Kidude alizaliwa mwaka 1910 na alifariki akiwa na umri wa miaka 103." Tarehe ya kufariki haina shida: 17 Aprili 2013, magazeti ya hapa na ya nje yaliiandika. Lakini huo mwaka wa kuzaliwa umeutoa wapi? Umri wa Bi Kidude ulikuwa gumzo tangu akiwa hai, hata filamu iliyotengenezwa juu yake mwaka 2006 ikapewa jina linalogusa suala hilo la umri, As Old As My Tongue. Wewe umeyachukua makadirio ukayafanya cheti cha kuzaliwa, kisha ukapiga hesabu juu yake ukapata 103. Ungeandika hivi: "Mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani kwa uhakika, inakadiriwa alizaliwa miaka ya 1910." Halafu unaweka tanbihi: nani anakadiria, katika chapisho gani, la lini, ukurasa wa ngapi. Najua sentensi ya kwanza inapendeza zaidi masikioni. Hii ya pili ndiyo ya kweli, na atakayekuja baada yako na ushahidi bora atajua pa kuanzia.

Hata mlima tunaojivunia una habari kama hiyo. Kila mtoto wa shule anajua Kilimanjaro ina mita 5,895. Kipimo hicho ni cha mwaka 1952. Wataalamu waliopima mwaka 1999 kwa kutumia setilaiti walipata takriban mita 5,892. Mhariri mzuri hachagui namba anayoipenda. Anasema ipi imetoka wapi na lini, anamwachia msomaji.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui, nawe nadhani hujalijua, kwa sababu uliniambia, "Mtandaoni hakuna kitu." Nani alikwambia chanzo lazima kiwe mtandaoni? Kitabu cha karatasi ni chanzo kamili. Gazeti la zamani lililofungwa majalada maktabani ni chanzo. Wala si lazima kiwe cha Kiingereza. Kiswahili kinakubalika, Kiarabu kinakubalika, na hata Kijerumani, ambacho mambo mengi ya pwani yetu yaliandikwa kwacho enzi za ukoloni wa Wajerumani. Kinachotakiwa ni kukitaja vizuri: mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, ukurasa. Ukurasa usiuache, mwanangu. Kumtajia mtu kitabu cha kurasa mia tatu bila ukurasa ni kumwambia atafute mwenyewe.

Umetaka pia kumwandikia Siti binti Saad, na hilo limenifurahisha. Kwake una bahati, maana Shaaban Robert mwenyewe alimwandikia wasifu. Kaufungue. Safari ya Bombay ya mwaka 1928, alipokwenda kurekodi santuri, ina vyanzo vizuri, na wanazuoni kadhaa wa taarabu wameiandika. Ila angalia jinsi ya kuutumia wasifu ule. Shaaban Robert alikuwa mshairi akimwandikia mtu aliyemheshimu, na kalamu yake inasifu. Mchukulie matukio. Sifa, kama lazima uziweke, ziweke kwa jina lake: "Shaaban Robert alimsifu kwa..." Usizigeuze kuwa sauti ya kamusi elezo. Ukiandika kwa kinywa chako kwamba fulani ni malkia asiye na mpinzani, mwenzako wa Mombasa atakuja na malkia wake, na makala itakuwa uwanja wa mipasho.

Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani nenda pia, nakuhimiza, lakini nenda ukijua mipaka. Barua ya mwaka 1930 uliyoiona kwa macho yako unaweza kuitaja kwa kile inachosema. Huwezi kuzikusanya barua kumi, ukatoa humo hitimisho ambalo hakuna aliyewahi kulichapisha, ukalipeleka Wikipedia. Huo ni utafiti mpya. Ni kazi ya heshima kubwa, na mahali pake ni jarida la kitaaluma, kama lile liitwalo Kiswahili, linalotolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako wenye ujuzi wataisoma na kuihoji kwanza. Ikishatoka huko, wenzako wataitaja kwa furaha.

Sasa nikuonye juu ya vyanzo vinavyofanana na vyanzo. Ukurasa wa kikundi chenyewe kwenye Facebook unaweza kukueleza kikundi kilianza lini, lakini usiutumie kuthibitisha kwamba ndicho bora visiwani. Ujumbe uliozunguka kwenye WhatsApp, achana nao kabisa. Na hata gazeti, tazama tarehe yake. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja wa Marekani aliingia kwenye makala ya Kiingereza kuhusu coati, mnyama mdogo wa Amerika Kusini, akaongeza kwamba pia huitwa muhanga wa Brazili. Jina hilo alilibuni mwenyewe. Halikuondolewa. Baada ya muda magazeti ya Uingereza yakalitumia, likaingia mpaka vitabuni, na machapisho hayo hayo yakarudi kutumika kama ushahidi wa kuwa jina ni la kweli. Uongo ukawa umepata vyanzo. Kwa hiyo ukikuta habari gazetini inafanana neno kwa neno na makala yetu, jiulize ni ipi iliyotangulia. Bonyeza historia ya ukurasa, utaona siku na saa sentensi ilipoingia. Kwa lugha yetu hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa tuna maandishi machache. Kosa moja la Kiswahili likinakiliwa mara tatu, wa kulipinga hapatikani.

Na hizi programu za akili mnemba mnazozitumia nyinyi vijana zitakupa orodha ya vitabu vyenye majina mazuri, waandishi na miaka, na vingine havijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi za namna hiyo ambazo hazikuwahi kuwapo. Kitabu ambacho hukukifungua usikitaje.

Jambo moja nitalisema kwa ukali kidogo, univumilie. Mtu aliye hai usimwandikie neno la kumdhuru bila chanzo madhubuti, hata kwa saa moja. Mwaka 2005 mtu asiyejitaja jina aliandika kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwamba mwanahabari mzee wa Marekani, John Seigenthaler, aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya John na Robert Kennedy. Mzee huyu alikuwa amefanya kazi na Robert Kennedy, alikuwa mtu wake wa karibu. Uzushi ule ulikaa pale zaidi ya miezi minne bila kuguswa. Kanuni kali za wasifu wa watu walio hai zilikuja kufuatia fedheha ile. Sasa fikiria ingekuwa ni jirani yako, na watoto wake wanasoma.

Najua bado kuna donge moyoni mwako, na hilo sitalipuuza, kwa sababu hata mimi ninalo. Yale aliyoyajua bibi yako hayakuchapishwa popote. Elimu ya unyago, nyimbo, nani alimfundisha nani kupiga ngoma, mengi yamekaa vifuani mwa watu, na watu wanaondoka. Kanuni inayotaka chapisho inawapendelea wenye mitambo ya kuchapisha. Mwaka 2011 wenzetu wa India na Afrika Kusini walijaribu njia nyingine: waliwarekodi wazee wakieleza mambo kwa Kimalayalam, Kihindi na Kisotho cha Kaskazini, kisha wakazitumia sauti zile kama marejeo. Jaribio lilizua mjadala mkubwa, lakini halikugeuka kuwa kanuni. Natamani lingekwenda mbali zaidi.

Hata hivyo usikae unalia na kanuni. Mtazame Bibi Titi Mohamed. Mengi ya jinsi alivyowaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU yangepotea, lakini mwanahistoria Susan Geiger alikaa naye, akamsikiliza, akarekodi, na mwaka 1997 kikatoka kitabu TANU Women. Leo simulizi ya Bibi Titi, kwa maneno yake, ina ukurasa wa kutajwa. Nawe una simu yenye kinasa sauti na una bibi. Mrekodi. Andika tarehe, mahali, jina lake kwa ruhusa yake. Kisha yaandikie makala, uipeleke gazetini au kwa mhariri wa jarida, au umpe mtafiti anayeshughulika na taarabu. Yakishachapishwa, mtu mwingine, na iwe mwingine kweli kwa sababu wewe ni mjukuu, atayaingiza kwenye kamusi elezo.

Basi rudi kwenye ile makala. Usimtukane yule mkabidhi. Mwandikie kwenye ukurasa wa majadiliano, umwambie unatafuta vyanzo, na urudishe sentensi zako moja moja, kila moja na tanbihi yake. Na siku wewe utakapokuta mgeni ameandika jambo bila chanzo, kama halimchafui mtu aliye hai, usikimbilie kulifuta. Nenda maktabani umtafutie kwanza.